Shajara ya mradi: taa nane chini ya Commodore 64, bila tundu hata moja jipya

6 Januari: kabla ya kuichomeka

Kompyuta yenyewe ni Commodore 64 ya umbo la kwanza, ile yenye mgongo wa mviringo na vitufe vya kahawia iliyoanza kuuzwa 1982. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64 na prosesa yake hukimbia kwa karibu megahezi 1. Niliipata kwa rafiki aliyekuwa anahama. Plastiki ilikuwa imegeuka manjano upande mmoja tu, ule uliokuwa unatazama dirisha kwa miaka.

Ninachotaka ni mwanga wa rangi unaomwagika mezani kutoka chini yake, rangi zifuatane kama ile mistari ya upinde wa mvua iliyo kwenye nembo, na kompyuta yenyewe ndiyo iuamuru kwa BASIC, lugha yake ya programu. Sitaki taa za kubandika tu zinazowaka bila kujua zimekaa kwenye mashine gani.

Nimejiwekea sharti moja: sitoboi, sikati, wala silehemu kitu kipya kwenye ubao wake. Mtu atakayeirithi baada yangu akiamua hazitaki taa hizi, azitoe na asikute kovu. Sharti hili limenirudisha nyuma mara mbili, lakini bado nalishikilia.

Gharama ninaziandika kwa saa na kwa vitu vilivyoharibika, maana bei hazikai mahali pamoja.

Kazi ya kwanza ilikuwa kupima adapta ya asili kabla haijagusa kompyuta. Plagi yake ina pini saba. Pini ya 5 hutoa volti 5, ya 2 ni ardhi, na za 6 na 7 hutoa volti 9 za AC. Niliweka ncha za multimita kwenye pini ya 5 na ya 2, ikasoma 5.9. Adapta hizi zimemiminiwa gundi ngumu ndani, kwa hiyo joto halina pa kutokea, na kidhibiti volti kikichoka mara nyingi hakikati umeme bali huupandisha. Chipu za kumbukumbu ndizo za kwanza kuungua. Nikaiweka kando moja kwa moja na kununua adapta mpya yenye kinga ya kukata umeme volti zikipanda au mtu akipiga shoti. Kama utanakili jambo moja tu kutoka hapa, nakili hili: pima kwanza, na ukiona zaidi ya 5.25 usiichomeke.

Kwa adapta mpya iliwaka mara ya kwanza. Skrini ya buluu, READY, na kile kiboksi kinachopepesa. Niliikalia dakika nzima bila kubonyeza kitu.

13 Januari: kufungua na kuosha (saa 5)

Skrubu tatu za chini, kifuniko kinafunguka kama kitabu. Vitufe vyote 66 vilitoka, vikaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, vikakaushwa usiku mzima. Chini ya kifuniko kuna kadibodi iliyopakwa karatasi ya fedha, inayofunika ubao wote ili kuzuia mawimbi ya redio. Ikumbukeni hiyo kadibodi, itarudi.

Kosa la leo ni kitufe cha SHIFT LOCK. Nilifungua skrubu ndogo zote za ubao wa kibodi, nikauvuta, ukagoma upande mmoja. Nikavuta tena. Nikasikia mlio mdogo kama uzi unaokatika. SHIFT LOCK ndicho kitufe pekee chenye nyaya mbili zilizolehemiwa kwenye ubao, na lazima zitolewe kwa pasi ya kulehemu kabla ya kuutenganisha. Moja niliing'oa. Bahati ni kwamba ulikatika waya wenyewe, shaba ya ubao ikabaki salama. Nililehemu waya mfupi mpya mahali pake. Hapo nimelehemu, ndiyo, lakini ni kurudisha kilichokuwapo.

Migusano ya kaboni niliifuta kwa pamba yenye spiriti safi. Usisugue kwa nguvu, kaboni hiyo ni nyembamba kama rangi ya kucha.

20 Januari: kung'arisha plastiki, nikaiharibu

Manjano hayo si uchafu. Plastiki ya aina ya ABS ilichanganywa na kemikali za bromini ili isishike moto upesi, na mwanga wa jua ukishirikiana na hewa huibadilisha rangi kadiri miaka inavyopita. Dawa inayofahamika ni haidrojeni peroksaidi pamoja na mwanga wa jua.

Nilitumia krimu ya asilimia 12, ile ya kupaushia nywele, kwa sababu niliogopa kuizamisha nembo ya juu kwenye maji. Nikapaka kwa brashi, nikafunika kwa plastiki nyembamba ya jikoni, nikaweka juani. Saa mbili baadaye upepo ulikuwa umeinua plastiki kwenye kona moja na viputo vya hewa vimejaa katikati. Palipokauka hapakung'aa, na palipobaki na unyevu palipauka. Nilipoosha nikakuta mawimbi meupe yamepita juu ya kifuniko kama ramani ya mito. Mawimbi hayo hayafutiki kwa kitambaa, kwa sababu ni plastiki yenyewe iliyobadilika.

Usiku ule sikufurahi. Hili ndilo jambo pekee katika mradi wote ambalo lilikuwa linavunja sharti langu kweli, kwa sababu rangi ya plastiki haitolewi kwa bisibisi.

3 Februari: kurekebisha mawimbi (saa 9 kwa jumla)

Dawa ya mawimbi ni kuzamisha kifuniko kizima ili kila sehemu ipate kimiminika na mwanga kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo nembo ilibidi itoke. Niliipasha moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, nikapitisha uzi wa kuvulia samaki nyuma yake na kuusukuma huku na huku kama msumeno, polepole, mpaka gundi ikaachia. Nembo ni karatasi ya alumini. Ukiivuta kwa ukucha itapinda, na mkunjo wake hautoki tena.

Beseni la plastiki lenye uwazi, peroksaidi ya maji iliyozimuliwa, na kifuniko kimezama chote. Kilitaka kuelea, nikakilazia chupa za kioo zilizojaa maji. Kila nusu saa nilikigeuza na kuhamisha chupa, maana kivuli cha chupa nacho huacha alama. Glavu na miwani wakati wote. Tone moja lililonidondokea kifundo cha mkono liliacha doa jeupe na kuwasha mpaka jioni.

Baada ya saa sita mawimbi yalikuwa yamefifia kiasi cha kuhitaji kuinamisha kifuniko kwenye taa ndipo uyaone. Yamebaki mawili madogo karibu na kona ya nyuma kulia. Nimeyakubali. Jaribio la tatu lingeanza kuila plastiki.

10 Februari: utepe wa taa ndani, na kadibodi ya fedha

Mpango wa kwanza wa mwanga: utepe wa taa za WS2812B, zile ambazo kila taa huamuriwa rangi yake peke yake. Sentimita 30, taa 18, zimebandikwa ndani ya sehemu ya chini ili mwanga utoke kwenye mianya ya hewa. Umeme nilichukua kwenye porti ya kaseti, ambako mguso wa pili hutoa volti 5.

Hesabu nilifanya kabla. Kila taa ikiwaka nyeupe kamili hula takriban miliampea 60, hivyo 18 ni miliampea 1,080. Adapta ya zamani ilitengenezwa kutoa kama ampea 1.5 tu, na kompyuta yenyewe inachukua sehemu kubwa ya hizo. Kwa hiyo nilipunguza mwanga hadi sehemu moja ya tano. Hesabu ilikuwa sahihi.

Nilichosahau ni ncha ya utepe. Ukiukata kwa mkasi, shaba hubaki wazi pale ulipokata, vipande vitatu vidogo kama punje za mchele. Nilipofunga kifuniko, kadibodi ya fedha ililala juu ya ncha hiyo. Kadibodi imeungwa na ardhi ya kompyuta, na punje mojawapo ni volti 5. Nikawasha, taa zikamweka mara moja, giza. Hakukuwa na harufu wala moshi.

Adapta mpya ilikata umeme papo hapo. Niliichomoa, nikaiacha dakika kumi, nikatoa utepe wote, nikawasha kompyuta peke yake. READY. Miguu iliniisha nguvu, nikakaa chini. Kwa adapta ile ya zamani isiyo na kinga, sijui kama ningekuwa naandika habari ya taa au ya ubao ulioungua.

Suluhisho ni tone la gundi ya moto kwenye kila ncha iliyokatwa, kisha mpira wa kusinyaa juu yake. Usitegemee selotepu, joto la ndani huilegeza.

12 Februari: mistari kwenye picha

Utepe umezibwa, unawaka vizuri, rangi ni nzuri kuliko nilivyofikiria. Lakini ile skrini ya buluu sasa ina mistari hafifu inayopanda taratibu, na spika inatoa mlio mwembamba wa mbu ambao haukuwapo. Nikizima utepe, vyote hupotea.

Sababu ni namna taa hizi zinavyofifishwa. Hazipunguziwi umeme, huzimwa na kuwashwa mamia ya mara kwa sekunde, na jicho ndilo linalodanganyika. Kila zinapowaka volti 5 za kompyuta hushuka kidogo, na chipu za picha na sauti zinakula sahani moja nazo. Chipu ya sauti ya mashine hii, SID, ndiyo sababu watu bado wanaipenda. Kuiwekea mlio wa mbu kwa ajili ya pambo ni kuikosea heshima.

Niliongeza kapasita, kihifadhi kidogo cha umeme, ya mikrofaradi 1,000 kwenye mlango wa umeme wa utepe. Mistari ilipungua, mlio ukabaki. Nikaupa utepe adapta yake peke yake, bila waya hata mmoja unaogusa kompyuta. Picha ikasafika, sauti ikatulia. Lakini nilipozima kompyuta, taa ziliendelea kuwaka chini yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilizitazama kidogo, nikang'oa utepe wote. Mwanga ule haukuwa wa mashine hii, ulikuwa umepanga chumba tu.

Nilichopoteza: utepe mmoja, kidhibiti chake, saa 7.

17 Februari: kuanza upya kwa miliampea 100

Porti ya mtumiaji iliyo nyuma inaruhusu miliampea 100 za volti 5 kwenye mguso wa 2. Nikajiuliza: badala ya kutafuta umeme wa kutosha taa ninazozitaka, kwa nini nisitafute taa zinazotoshwa na umeme ambao kompyuta ilishajitolea kutoa?

LED nane, vitaa vidogo vya kawaida vya milimita 3, kila moja miliampea 8. Jumla 64. Zinabaki 36 za akiba. LED ya kawaida ikiwaka imewaka, haipepesi, hivyo hakuna mistari wala mbu. Na porti hiyohiyo ina njia nane, PB0 hadi PB7, zinazoamuriwa kwa POKE, amri ya BASIC ya kuandika namba mahali fulani kwenye kumbukumbu. Taa nane, njia nane. Ningeanzia hapa tangu mwanzo kama ningesoma kitabu cha mashine kabla ya kununua utepe.

Njia hizo hazina nguvu ya kuwasha LED zenyewe, kwa hiyo katikati imekaa chipu ya ULN2803, yenye transista nane ndani, yaani swichi nane za umeme. Mguu wa 9 unakwenda ardhi, wa 1 hadi wa 8 hupokea amri, wa 18 kurudi hadi wa 11 huvuta LED. Mguu wa 10 niliuacha wazi, hauna kazi kwa LED. Vyote vimekaa kwenye kipande cha ubao wa matundu, nyuma ya kiunganishi kinachochomekwa kwenye porti. Kompyuta haifunguliwi hata kidogo.

Weka vigingi kwenye kiunganishi. Kikiingia kichwa chini, volti 9 za AC zitafika mahali pasipo pake. Na usikichomeke wala kukichomoa kompyuta ikiwa imewaka.

24 Februari: makosa mawili kwa siku moja

La kwanza ni herufi. Safu ya chini ya porti hutajwa kwa herufi, nami niliandika A, B, C hadi L kwa kalamu kwenye kiunganishi, herufi zikifuatana kama shuleni. Kisha nikalehemu kwa kufuata mchoro: PB0 hadi PB7 ni C, D, E, F, H, J, K, L. Nilipojaribu taa moja moja, nne za kwanza zilitii. Ya tano iliwaka kwenye zamu ya sita. Ya sita iliwaka kwenye zamu ya nane. Ya saba iliganda imewaka tangu kompyuta ilipoanza, na ya nane haikuwaka kabisa.

Nilibadilisha chipu, nikabadilisha LED, nikapoteza saa mbili. Kisha nikasoma mchoro tena kwa kidole, herufi kwa herufi. Hakuna G. Hakuna I. Waliotengeneza waliziruka, mimi nikaziandika. Kuanzia G kila waya wangu ulikuwa umesogea, mpaka ule wa nane ukawa umelala kwenye ardhi, ndiyo maana haukuwahi kuwaka. Nimefuta kalamu na kuandika upya: A, B, C, D, E, F, H, J, K, L, M, N.

La pili ni rezista, kile kijiti kinachopunguza umeme unaopita kwenye LED. LED nyekundu, za chungwa na za manjano hutumia karibu volti 2, kijani na bluu karibu 3. Nilitoa kwenye 5, nikagawa kwa miliampea 8, nikapata kama ohmu 390 na 270. Zikawaka, lakini bluu na kijani zilikuwa kama zinaumwa. Nilisahau kwamba transista za ULN2803 nazo hula karibu volti 0.8. Kwa bluu inabaki volti 1.2 tu, na rezista ya 270 huruhusu miliampea 4 na kitu. Thamani sahihi ni ohmu 270 kwa nyekundu, chungwa na manjano, na 150 kwa kijani na bluu. Sasa zote zinalingana.

2 Machi: programu

Mpangilio ni nyekundu mbili, chungwa mbili, manjano mbili, kijani, bluu. Nilitaka na ukingo wa skrini ubadilike rangi pamoja na taa inayowaka mezani.

10 POKE 56579,255
20 X=1:RESTORE
30 POKE 56577,X
40 READ R:POKE 53280,R
50 FOR T=1 TO 100:NEXT
60 X=X*2:IF X<256 THEN 30
70 GOTO 20
80 DATA 2,2,8,8,7,7,5,6

Mstari wa 10 unaigeuza porti nzima iwe ya kutoa. Mstari wa 50 ni kusubiri, karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Toleo la kwanza halikuwa na ile IF ya mstari wa 60; X ikafika 256, na POKE haipokei zaidi ya 255, ikasimama na ?ILLEGAL QUANTITY ERROR IN 30.

Jambo moja sikulipanga. Kompyuta ikiwashwa, njia zote nane huwa za kupokea na huvutwa juu zenyewe, yaani huwa na umeme, kwa hiyo taa zote huwaka kabla sijaandika lolote, hafifu kidogo. Ukibonyeza RUN/STOP na RESTORE zinarudi hivyo hivyo. Mwanzo niliona ni kasoro, nikaanza kuhesabu rezista za kuzizima. Kisha jioni moja nikaiwasha chumbani gizani, upinde mzima ukatokea mezani pamoja na neno READY. Nimeuacha.

9 Machi: miguu, nembo, taa ya kuwasha

LED zimepangwa kwenye kipande cha plastiki nyeupe kilichobandikwa chini, karibu na ukingo wa mbele, kwa gundi ya pande mbili inayotoka bila kuacha alama. Mkanda wa nyaya unapita kati ya miguu hadi nyuma. Miguu ya asili ilikuwa mifupi mno na mwanga ulibanwa, hivyo niliweka ya mpira ya milimita 8 juu yake. Faida ambayo sikuitafuta ni kwamba hewa inapita vizuri zaidi chini.

Taa nyekundu ya kuwasha niliijaribu ya bluu. Inachomoka kwa kiunganishi, hivyo ni rahisi. Ilitoa mwanga mkali unaochoma jicho usiku, nami nikarudisha nyekundu ileile ya zamani baada ya siku mbili.

Nembo imerudi kwa gundi nyembamba ya pande mbili. Kwa karatasi ya mistari nilihakikisha imekaa sawa na ukingo kabla ya kukandamiza, kwa sababu nafasi ni moja tu.

16 Machi: kupima sharti

Jumla ni saa 38, utepe mmoja na kidhibiti chake vimetupwa, ULN2803 moja niliyoitoa bure kwa kosa la herufi, chupa mbili za peroksaidi.

Leo nimezima kompyuta, nikachukua saa, nikavitoa vyote: kiunganishi cha nyuma, kipande cha LED, mkanda, miguu ya nyongeza. Nikaigeuza na kuipitisha chini ya taa ya meza. Yale mawimbi mawili ya kona yapo. Chini hakuna alama ya gundi, hakuna tundu. Dakika tatu na nusu.

Nikavirudisha, nikaandika RUN.